Kunyamazia Ufa Si Usalama

Imezuka kasumba miongoni mwa baadhi ya watendaji wetu kwamba mtu anayegundua kasoro katika kompyuta za umma, mahali ambapo mwizi anaweza kupenya, kisha akaisema hadharani, ni adui wa nchi. Wanadai kwamba kusema ni kumfundisha mwizi. Nasema bila kumumunya maneno: dai hilo ni ngao ya wazembe wasiotaka kuulizwa kwa nini mlango waliokabidhiwa haufungi.

Dai lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London, fundi makufuli wa Kimarekani, Alfred Charles Hobbs, alilifungua kufuli la Chubb bila ufunguo kwa muda wa kama dakika 25. Kisha akalikabili kufuli la Bramah, ambalo kwa miaka mingi lilitangazwa dirishani mwa duka la Piccadilly pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayeliweza. Likamshughulisha saa 51 katika siku 16, likafunguka. Zikapigwa kelele kwamba amewapa wezi elimu. Hobbs akajibu kwamba wezi wanaijua kazi yao na hawakumngoja yeye awafundishe. Asiyejua alikuwa mwenye mali peke yake, ambaye kila usiku alilala akiamini amefunga!

Tuje karibu zaidi. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, liligundua kasoro katika programu ya Windows, na kwa miaka kadhaa halikumwambia mtengenezaji, Microsoft. Liliifanya silaha yake. Silaha hiyo ikaibwa, na Aprili 2017 ikamwagwa hadharani na kundi lililojiita Shadow Brokers. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vikapita katika ufa huo huo na kuenea katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza inakadiriwa kwamba miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilifutwa. Siri ya mabeberu ikalipwa na mgonjwa aliyekuwa akingoja kumwona daktari.

Watetezi wa kimya watadakia: si mnaona, maafa yalikuja ilipomwagwa? Nakubali kwamba kumwaga silaha iliyo tayari ni uhalifu. Lakini zitazameni tarehe. Microsoft ilitoa kiraka tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Hospitali za Uingereza zilipelekewa maonyo Machi na tena Aprili, kimya kimya, kwa njia za ofisi. Wakaguzi wa serikali walikuta baadaye kwamba wizara haikuwa na utaratibu rasmi wa kujua nani ametekeleza na nani hakutekeleza. Ndugu mtumishi, hali hiyo unaijua. Waraka hupokelewa, hugongwa muhuri, huingizwa katika jalada, na jalada hurudi kabatini. Muhuri wa "imepokelewa" haujapata kuziba ufa wowote.

Sisemi kila kasoro itangazwe siku inapoonekana. Mwenye mlango aambiwe kwanza, apewe muda wa kuurekebisha. Tangu 2014 kikundi cha wataalamu wa Google humpa mtengenezaji siku 90, kisha jambo husemwa hadharani. Siku hizo zina makali kwa sababu zina mwisho.

Kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia katika kompyuta ya mwingine bila ruhusa, na ni haki. Lakini mwalimu anayejaza alama za wanafunzi wake, akashtukia za shule nyingine zimefunguka mbele yake bila neno la siri, amevunja nini? Akimwambia mkubwa wake ataambiwa anyamaze. Akiandika gazetini ataulizwa nani amemtuma. Basi atafunga kompyuta na kwenda zake, na ufa utabaki kumngoja mwenye nia mbaya. Chama kilichotulea katika kujikosoa hakiwezi kuiita hali hiyo usalama.

Kila ofisi ya umma imtaje afisa wa kupokea taarifa za namna hii, ambaye atazijibu kwa maandishi na kwa idadi ya siku inayojulikana. Siku hizo zikipita bila jibu, mwalimu aruhusiwe kusema, na wa kwanza kuitwa kujieleza awe yule aliyeipokea barua yake.