Vidonge vya misuli: tezi za juu ya figo nazo zinaguswa

Kijana anayenyanyua vyuma kila jioni hana kosa. Shida inaanza pale rafiki anamuonyesha vidonge vya kupanua kifua upesi, na farmasi inamuuzia bila karatasi ya muganga.

Vidonge hivyo ni androjeni za kiwandani, zenye kuiga testosteroni ya mwili. Nyingi zimeongezewa metili, ili ini lisiziharibu mara tu zikimezwa. Kwamba zinasinyaza mapumbu na kupunguza mbegu za uzazi, wengi wamekwisha kusikia. Habari ya tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo haisemwi sana.

Tezi hizo ndizo zinatengeneza kortizoli, homoni inayosimamisha mtu wakati wa ugonjwa ao njaa. Kazi inaanzia kwa kolesteroli na kwenda hatua kwa hatua. Watafiti walipowapa panya androjeni zenye metili, waliona hatua moja ya mwisho inazuiliwa, na homoni ya nyuma yake, deoksikortikosteroni, inazidi. Hiyo inashika chumvi na maji mwilini. Tansio ya panya ikapanda. Mtu si panya, ni kweli. Lakini tansio ya juu inaonekana hata kwa watu wanaotumia dawa hizo, na tezi si njia pekee inayoileta.

Ujerumani ya Mashariki ilikwisha kupita njia hii. Tangu miaka ya 1970 maelfu ya wanamichezo, hata wasichana wadogo, walipewa Oral-Turinabol, kidonge cha jamii hiyo hiyo, na wengi waliambiwa ni vitamini. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin ilimhukumu Manfred Ewald, aliyekuwa mkubwa wa michezo ya inchi ile. Kule serkali ndiyo iligawa vidonge. Katika Kongo kijana anajinunulia mwenyewe, na hakuna wa kushitakiwa.

ACOREP, yenye kazi ya kusimamia dawa katika inchi, ianze na rafu za farmasi zinazouzisha homoni kama pipi. Na muganga anayekuta tansio ya juu kwa kijana mwenye misuli amuulize anameza nini, bila kumtukana, kwa sababu akitukanwa atanyamaza na kurudi nyumbani na vidonge vyake mfukoni.