Nani alisema mama wa miaka 50 hafundishiki upishi?

Hapa Beni kuna jambo ambalo wamama wahami wa vita wanalizungumza kila asubuhi kwenye bomba la maji, lakini kwenye mikutano ya mashirika hakuna anayelitaja. Tulitaje leo. Masomo ya upishi yanatangazwa, wamama wanaenda kujiandikisha, na pale mezani wanaulizwa mwaka wa kuzaliwa. Ukipita miaka 35, unarudishwa nyumbani.

Nilikuwapo siku moja ya kuandikisha. Mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Mbau alifika mapema, kadi yake ya uchaguzi mkononi. Kijana wa mezani akaiangalia, akacheka kidogo, akasema: "Mama, wewe unajua kupika tayari. Achia watoto nafasi." Mama hakujibu. Alifunga kadi kwenye pembe ya kitenge, akaenda. Ndugu wasikilizaji, mniruhusu nijibu mimi.

Hiyo 35 imetoka wapi? Mkataba wa Afrika wa Vijana wa mwaka 2006 unasema kijana ni mtu wa miaka 15 mpaka 35. Sawa. Lakini kusema kijana ni nani si kusema mwenye miaka 36 asifundishwe kazi. Katiba yetu, nayo ya 2006, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya elimu ya shule. Kila mtu. Mwaka wa kuzaliwa hauulizwi pale.

Najua watakachojibu: nafasi ni chache, na kijana asiye na kazi ni rahisi kuchukuliwa na makundi yenye silaha. Ni kweli, na vijana wasome. Lakini tangu mauaji yalipoanza huku kwetu Oktoba 2014, huyo kijana anayeombwa asiende porini anakula kwenye sufuria ya nani? Mama wa Mbau aliacha shamba la kakao nyuma yake. Leo wanalala watu tisa katika chumba cha ndugu, na anayetafuta fufu ya jioni ni yeye. Ukimnyima kazi, umewanyima hao wote, na vijana wamo ndani.

Sasa lile neno la "unajua kupika tayari". Ndiyo, anajua. Anajua kwamba muhogo mchungu una sumu, na kwamba bila kuulowesha siku kadhaa unaweza kuua. Anajua sombe inataka kutwangwa na kuchemshwa sana. Kwenye kilio anapikia watu mia mbili juu ya mafiga, na chakula kinatosha. Hakuna mwanafunzi wa miaka 20 anayeingia darasani na mzigo huo wa elimu. Lakini kupikia kilio si kufanya biashara ya chakula, na ndicho hasa mama anachokifuata shuleni.

Mfano ni huu. Anauza sahani ya maharagi na fufu kwa franka 2000. Vyakula vilivyo ndani vimemgharimu 1400, makaa 400, maji na usafiri 300. Jumla ni 2100. Kwa maneno mengine, amemlipa mteja franka 100 ili akule chakula chake, na jioni anashangaa pesa imeenda wapi. Hesabu hiyo inafundishwa kwa siku chache tu. Na kuna mengine: kwamba chakula kilichopikwa kikikaa saa nyingi bila kuwa moto wala baridi, vijidudu vinazaana ndani yake, namna ya kutumia furu ya kuoka mikate, namna ya kuandika fakitire ili hoteli au shirika limlipe. Na mwisho kuna cheti, kwa sababu anayetafuta mpishi anaomba karatasi kwanza, hata kabla ya kuonja.

Wengine wananong'ona kwamba kichwa cha mtu mzima ni kizito. Wamesahau haraka. Ebola ilipotangazwa Mangina, Agosti 2018, wamama hao hao walifundishwa kunawa upya, kutogusa mgonjwa, hata kubadili namna ya kuzika wapenzi wao, jambo gumu kuliko kuoka mkate. Hakuna aliyewauliza miaka yao siku ile. Kama hawakumaliza shule ya msingi, mwalimu afundishe kwa mdomo na kwa mzani. Anayeuza sokoni anajua namba. Na masomo yawe alasiri, sababu asubuhi wanatafuta kibarua.

Yupo Mmarekani mmoja, Julia Child, aliyeingia shule ya upishi ya Le Cordon Bleu kule Paris mwaka 1949, akiwa na miaka 37. Alikuwa na mume mwenye mshahara, hilo nakubali. Kitabu chake cha kwanza cha upishi kilitoka 1961, akiwa na miaka 49, na Wamarekani wengi wakajifunza upishi wa Kifaransa kwake. Meza yetu ya Beni ingemwambia aachie watoto nafasi.

Siku ya kutoa vyeti vya awamu iliyopita nilirudi pale. Hotuba zilikuwa ndefu, wageni wengi. Nyuma ya ukumbi, kwenye moshi, wamama watano walikuwa wakigeuza fufu na kukaanga samaki wa sherehe. Wawili kati yao walikuwa wamerudishwa pale mezani kwa sababu ya umri.

Nilimwuliza mratibu kama awamu ijayo itatenga nafasi kwa waliopita miaka 35, hata tano tu. Aliniambia atajibu Jumatatu. Jumatatu mbili zimepita, na simu yake inaita bila mtu kuishika.