Ndume Analipwa Hata Mpanda Akianguka

Wasee, wacha nianze na swali rahisi. Kwa rodeo, ule mchezo wa Marekani wa kupanda ndume anayeruka kama ameguswa na stima, nani ana uhakika wa kulipwa siku hiyo?

Wengi mtasema ni yule msee wa kofia. Zii. Msee wa kofia amelipa ada ya kuingia kutoka mfukoni mwake, amejaza gari mafuta, pengine amelala humo humo ndani, na akianguka sekunde ya tatu anarudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye uhakika ni mwenye ndume. Mkataba wake ulishasainiwa. Mpanda aanguke asianguke, yeye ana pesa yake.

Nimekuwa nikifuatilia hii mambo usiku, nikimaliza bando kwa video za rodeo, na kuna kitu imekataa kunitoka kichwani. Sisi huku tuna mchezo wetu wa mafahali, kule Kakamega. Na huku anayebeba mzigo karibu wote ni mwenye fahali. Kwa hivyo maoni yangu ni haya: kabla tuanze kuongea kuhusu watalii na "kukuza utamaduni", anayelisha fahali alipwe kwanza.

Wacha nieleze vile wenzetu wanafanya, halafu tugombane.

Rodeo ya mkoa inaendeshwaje?

Chama kikubwa cha rodeo kinaitwa Professional Rodeo Cowboys Association, au PRCA. Watu wengi wanajua tu fainali za Desemba kule Las Vegas: siku 10, washindani 15 bora kwa kila aina ya mchezo, pesa ndefu. Lakini hiyo ni kilele. Chini yake kuna mizunguko 12 ya mikoa, mfumo ulioanza 1975. Texas ni mzunguko wake peke yake. Montana pia. Mingine inaunganisha majimbo kadhaa.

Kwa nini mikoa? Juu si kila mtu anaweza kuacha kazi azunguke nchi nzima akifuata ndume. Kuna fundi wa stima, kuna mwalimu, kuna mkulima, ambaye anataka kushindana wikendi na Jumatatu awe kazini. Huyo anachagua mzunguko wa nyumbani. Pesa anazoshinda kwa rodeo za mkoa huo ndizo pointi zake: dola moja, pointi moja. Msimu ukiisha, walio juu wanaenda fainali ya mkoa, na washindi wa mikoa wanakutana kwa fainali yao ya kitaifa, ambayo ilichezwa mara ya kwanza 1987 mjini Pocatello, Idaho.

Kila rodeo ina kamati ya mji, mara nyingi watu wa kujitolea. Kamati inatafuta wadhamini, inaongeza pesa kwa zawadi, inatafuta waamuzi na mtangazaji, na wale wasee wa kukimbia mbele ya ndume ili mpanda aliyeanguka apate nafasi ya kutoroka. Halafu inatafuta mtu ambaye bila yeye hakuna kitu: mwanakandarasi wa mifugo.

Huyu ndiye analeta farasi, ndume, maksai na ndama. Nani apande mnyama gani inaamuliwa kwa kura. Kwa hivyo hawezi kuleta ndume watano wakali na kumi wa kusinzia, hapo mashindano yatakuwa bahati nasibu. Kundi lazima lilingane. Na lazima awe na wanyama wa ziada, juu mpanda akipata mnyama aliyelala kazini, waamuzi wanaweza kumpa nafasi nyingine na mnyama mwingine.

Sasa hapa ndipo mimi nilishtuka. Mpanda anatakiwa kukaa sekunde 8, na alama za juu kabisa ni 100. Nusu ya hizo alama zinatokana na mpanda. Nusu nyingine zinatokana na mnyama. Soma tena. Ndume anapewa alama! Ukimpanda ndume mpole hata ukae kama mfalme, hushindi. Unahitaji ndume mzuri kama vile yeye anakuhitaji wewe.

Ndiyo maana kule ndume ana jina, ana rekodi, ana mashabiki. Kulikuwa na mmoja anaitwa Red Rock. Wapanda walijaribu kumpanda mara 309 kwa mashindano ya PRCA katika miaka ya themanini na hakuna hata mmoja aliyefikisha sekunde 8. Mwaka wa 1988 bingwa wa dunia Lane Frost akakutana naye kwa mashindano maalum ya raundi saba, na Frost akashinda nne kwa tatu. Mwaka wa 1990 huyo ndume akaingizwa kwa ukumbi wa mashujaa wa rodeo. Ndume, wasee. Kando ya mabingwa binadamu.

Hesabu ya nyasi

Sekunde nane ndiyo kazi yote ya ndume kwa siku. Zile saa zingine zote anakula. Anakula Jumatatu, anakula wakati hakuna mashindano, anakula akiwa mgonjwa na daktari wa mifugo amekuja na bili yake. Na kabla ya hiyo sekunde ya kwanza kulikuwa na miaka ya kumlea kutoka ndama, na wengi wanaolelewa hivyo hawafiki popote. Halafu kuna lori, dereva na mafuta.

Bila mkataba, hiyo hesabu haiwezi kubalance hata ukiwa umesoma uhasibu. Ndiyo maana mkataba upo. Haupo kwa sababu Wamarekani wana roho nzuri.

Na usidhani ulikuja bure. Mwaka wa 1936 wapanda waligoma pale Boston Garden. Mwandalizi wa ile rodeo, ambaye pia mifugo ilikuwa yake, alikuwa anaweka zawadi ndogo hadi mtu akishinda haimlipii safari. Walidai zawadi iongezwe na ada zao za kuingia zirudishwe kwa zawadi. Wakashinda. Chama chao wakakiita Cowboys' Turtle Association, jina la kobe, juu walichelewa kujipanga lakini mwishowe walitoa shingo nje. Hicho chama cha kobe ndicho kilikua hadi kikawa PRCA ya leo.

Naitaja hiyo stori makusudi. Sisemi mwenye mnyama awe mungu mdogo. 1936 mwenye mnyama ndiye alikuwa tatizo. Nasema kila anayefanya show iwezekane awe na karatasi inayosema anapata nini.

Karatasi pia inaleta jukumu. Kulikuwa na ndume mwingine, Bodacious, mkubwa kama matatu ndogo, na alikuwa na tabia ya kurusha kichwa nyuma wakati mpanda anavutwa mbele. Mwaka wa 1995 alimvunja Tuff Hedeman, bingwa wa dunia, mifupa ya uso. Wiki chache baadaye Hedeman akampata tena kwa kura. Akakataa kumpanda, akamwacha atoke peke yake. Mpanda mwingine alimjaribu akiwa amevaa kinga ya uso, na bado akavunjwa. Mwenyewe, Sammy Andrews, akasema basi, akamstaafisha, na ndiye ndume maarufu zaidi duniani wakati huo. Angeweza kuendelea kuvuna.

Sasa turudi nyumbani

Kama hujawahi kwenda, wacha nikuchoree. Kwa Waisukha na Waidakho, mafahali wanapigana asubuhi na mapema, umande haujakauka. Khayega, Malinya, Shinyalu, huko ndiko. Fahali anasindikizwa na umati, ngoma za isukuti zinalia hadi unazisikia kifuani. Hakuna mpanda, hakuna upanga. Ni fahali kwa fahali, na anayegeuka na kukimbia ndiye ameshindwa. Ni kitu ya maana sana, na sikubali mtu wa Nairobi anidharaulie.

Lakini uliza nani analipa. Mwenye fahali anamlisha mwaka mzima kwa nyasi, molasi na dawa. Mtunzaji anaamka naye, analala karibu naye. Siku ya pambano watu wanajaa uwanjani hadi miguuni mwa mafahali, hakuna ua. Fahali akishinda, mwenyewe anapata heshima, na akibahatika, zawadi. Akiumia, hiyo ni shida yake.

Mara ya mwisho nilienda huko na simu yangu kurekodi. Nikamuuliza mzee mmoja kama naweza kumpiga video akiwa na fahali wake. Akakubali vizuri tu. Nikimaliza nikamwambia, "Asante mzee, hii itatrend." Akaniangalia, akaniuliza kwa upole, "Sawa kijana. Na hiyo video yako, inanunua nyasi?"

Sikuwa na jibu. Ile klipu ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichoweka mwezi huo. Mzee hakupata hata mia ya sukari kutoka kwangu. Kwa hivyo mkiniona nikiongea kuhusu malipo, jueni naanza na mimi mwenyewe.

Na kuna jambo zito zaidi. Januari 2024 fahali wa Seneta Boni Khalwale, mtu ambaye nchi nzima inamjua kwa mapenzi yake kwa huu mchezo, alimuua mtunzaji wake. Fahali naye akauawa. Mtandaoni tulibishana siku kadhaa kuhusu mila, na nani alisema nini. Wachache sana waliuliza swali la kuchosha: watunzaji wote wa mafahali Kakamega, wana bima? Wana mkataba? Mtu akifa kazini, familia yake inashika karatasi gani?

Najua mtasema nini

Mtasema pesa itaharibu utamaduni. Naelewa hiyo hofu. Lakini pesa tayari iko uwanjani. Kuna watu wanaweka dau, wanasiasa wanakuja kusalimia umati, kuna sisi na simu zetu. Yule ambaye anaambiwa "fanya kwa ajili ya utamaduni" ni mmoja tu, na ni yule wa nyasi. Hiyo si heshima kwa mila, hiyo ni kumtumia mtu.

Mtasema pia tusiige rodeo kwa sababu ni ukatili. Hapo mna hoja, sitaificha. Rodeo ina ule mkanda unaofungwa mbele ya miguu ya nyuma ili mnyama arushe mateke. Ina mchezo wa kumkamata ndama kwa kamba akiwa mbioni, na wengi hawawezi kuutazama mara mbili. Uingereza ilizima haya mambo kwa sheria tangu 1934. Na sisi pia si malaika, pembe zinanolewa, na kila mtu ameshasikia maneno ya fahali kunyweshwa busaa kabla ya pambano. Lakini angalia: kwa mfumo wenye mkataba, unaweza kuandika humo ndani kwamba lazima daktari wa mifugo awe uwanjani, kwamba fahali aliyeumia hapigani, kwamba akikutwa amelewa analala nje msimu mzima. Bila mkataba utamwandikia nani? Umati?

Kwa hivyo nipendekeze kitu kidogo. Tuanze na msimu, na tarehe zinazojulikana, viwanja vinavyopokezana, pointi zinazohesabiwa, na fainali moja. Huo ndio mzunguko wa mkoa, hauhitaji Las Vegas. Kamati ya kila uwanja imlipe mwenye fahali kwa kumleta, ashinde ashindwe, na zawadi ije juu ya hiyo. Mtunzaji awe na bima. Uwanja uwe na ua. Na sisi wa simu tulipe kitu kabla ya kurekodi, kama vile mtu analipa kuingia uwanja wa mpira.

Na wenye mafahali, wazee wetu, msingoje kamati iwaonee huruma. Wale wa Boston hawakuhurumiwa, walikaa nje hadi mambo yakabadilika. Fikiria Jumamosi moja watu wamejaa Malinya, isukuti iko tayari, simu ziko juu, na hakuna fahali hata mmoja aliyekuja. Hapo ndipo kila mtu atajua show ilikuwa ya nani.

Mimi nishamtafuta yule mzee. Nimemtumia kitu kwa M-Pesa, si nyingi, na nimemwambia video ijayo tunagawana. Alijibu neno moja tu: "Nyasi." Nadhani alikuwa anasema asante.

Sasa wewe, kama umewahi kupost fahali wa mtu, niambie hapo chini: ulimlipa nani?