Usinunue Gari la Rimoti Usiloweza Kulifungua

Kila Desemba ikikaribia huwa naulizwa swali lile lile, na wazazi, na siku hizi hata na vijana wa ofisini wanaotafuta kitu cha kufanya wikendi mbali na kompyuta: ninunue gari gani la rimoti? Na kila mara kuna mjuaji pembeni anayenitangulia kujibu, eti "anza na lile la bei rahisi, ukilipenda utanunua zuri baadaye."

Jamani, hapana! Lile la bei rahisi ndilo linalowafanya watu wauchukie uraibu huu kabla hawajauonja.

Chukua bisibisi ulifungue (ukiweza, maana mengine yamegundishwa). Ndani utakuta bodi moja ndogo inayofanya kila kitu: kupokea mawimbi, kuendesha mota, kukata kona. Kipande kimoja kikiungua, vyote vimekwisha. Mengi ya haya magari yana usukani wenye hali tatu tu, yaani kushoto kabisa, katikati na kulia kabisa, kwa hiyo hata ukikesha hutajifunza kuendesha, utajifunza kugonga ukuta. Gia ikivunjika jino hakuna anayeuza nyingine. Nalo boksi limeandikwa kasi kwa tarakimu kubwa, kana kwamba kasi ndiyo itakayokusaidia siku gari litakapokataa kuwaka.

Sisi waandishi wa programu tulishabishana sana kuhusu programu huria na zile zilizofungwa. Hapa ni kesi ile ile, isipokuwa safari hii kilichofungwa kimefungwa kwa gundi.

Gari la uraibu halisi limejengwa vingine. Risiva iko peke yake, kidhibiti cha mwendo wa mota peke yake, servo ya usukani peke yake, mota na betri vivyo hivyo. Kimoja kikifa unanunua hicho kimoja. Tena vinaongea lugha moja: servo ya kawaida hupokea mipigo ya umeme kama 50 kwa sekunde, kila mpigo una urefu wa kati ya milisekunde 1 na 2, na ule wa 1.5 ndio wa katikati. Mtu mwenye bodi ya Arduino na mistari michache ya programu anaweza kuuelekeza usukani huo mwenyewe, bila rimoti kabisa. Hapo ndipo mtoto (au baba yake) anapoacha kuchezea gari na kuanza kulielewa.

Kwa hiyo sahau kasi, sahau rangi. Ukiwa dukani hesabu nyaya za servo. Zikiwa tatu, hiyo ni servo ya kawaida na ya kampuni nyingine inaweza kushika nafasi yake mradi umbo lilingane. Zikiwa tano, ubongo wa servo umewekwa kwenye bodi ya risiva, na umeshafungiwa kwa mwenye kiwanda. Kuna magari ya Kichina yanayovutia sana yenye hila hii, kwa hiyo usidanganywe na magurudumu makubwa.

Najua mtaniambia bei. Ni kweli, gari la namna hii linagharimu zaidi, na ukiliagiza ng'ambo kuna usafiri na ushuru. Lakini nani alisema lazima liwe jipya? Nchi hii inavaa mtumba na kuendesha mtumba. Joginder Singh alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika na kiwanda kabla haijafika mikononi mwake! Gari lililotumika lenye vipuri linalishinda jipya lisilo navyo. Tamiya walitoa Hornet mwaka 1984, wakairudisha sokoni 2004, na hadi leo gari hilo linaweza kupatiwa gia, shokamzoba na mota.

Na msiniambie huu ni mchezo wa watoto wa matajiri. Watoto wetu wamekuwa wakiunda magari ya waya miaka yote, magurudumu ya ndara kuukuu, usukani wa fimbo ndefu. Yule mtoto anajua kwa nini ekseli ikipinda gari linavuta upande mmoja. Yule ana uraibu. Mwenzake mwenye gari la boksi ana kelele tu, na kelele zenyewe ni hadi betri iishe.

Mkinilazimisha kuchagua: la umeme, kipimo cha 1:10, aina ya bagi au pikapu yenye nafasi chini, kwa sababu gari la lami litakwama kwenye changarawe siku ya kwanza. Mota ya kawaida yenye brashi, saizi ya 540. Likija vipande vipande ulijenge mwenyewe, bora zaidi, maana siku likiharibika utakuwa unalijua hadi skrubu ya mwisho. Betri anza na NiMH ya volti 7.2, yaani seli sita za volti 1.2. Lipo ina nguvu zaidi lakini haitaki mchezo: kila seli isizidi volti 4.2 ikichajiwa, isishuke chini ya 3 ikitumika, na usiiache ikichaji ukalala, kwa kuwa inaweza kushika moto.

Magari ya mafuta ya nitro? Achaneni nayo kwanza. Mafuta yake si yale ya kituo cha petroli, yana nitromethani na methanoli, na majirani watakushtaki kwa chifu kwa ajili ya makelele. Na wanaotamani drone wakasome kanuni za mwaka 2020 za KCAA kabla ya kutoa pesa. Gari la rimoti halipiti angani, kwa hiyo hapo hawana neno nalo.