Mwenye Land Rover Kuukuu Asile Matairi Yake

Kila mwaka mvua zinapoanza mkoani Singida, mwishoni mwa Novemba au Desemba, kuna bei moja hupanda ambayo haiandikwi kwenye ubao wowote wa soko. Ni bei ya nafasi ndani ya gari linaloweza kwenda kijijini na kurudi siku hiyo hiyo. Malori huanza kuziogopa barabara za ndani, magari madogo hubaki kwenye lami, na wafanyabiashara wa kuku, asali na vitunguu huanza kuulizana: nani ana Land Rover inayotembea?

Neno la kuzingatia hapo ni "inayotembea". Land Rover za zamani hatujazikosa. Nyingine ziko nyuma ya nyumba, juu ya mawe, na kuku wanatagia kwenye viti vyake. Kwa maoni yangu, mengi ya magari hayo hayakuuawa na uzee wala na barabara mbovu. Yaliuawa na wenyewe, waliokula fedha ya matengenezo wakidhani ni faida.

Nasema hivyo kwa sababu nami nilikuwa mmoja wao. Nilinunua Land Rover 109 kwa fedha ya misimu miwili ya alizeti. Niliangalia rangi, nikawasha injini, nikaisikia inanguruma vizuri, nikalipa. Sikuinama kuangalia chini. Kwa miezi kadhaa dereva aliniletea hesabu bila kukosa, nami nikaitumia nyumbani na dukani kama mshahara. Mwezi Machi, katika mbuga za upande wa Shelui, chesisi ilikatika karibu na springi ya nyuma gari likiwa limejaa matenga ya kuku. Hadi tunapata gari jingine, jua lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake. Kuku wale hawakuwa wangu peke yangu. Nusu walikuwa wa akina mama wa kijijini walioniamini niwauzie, nami niliwalipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima.

Tangu hapo nimejifunza kulifahamu gari hili kabla ya kulilaumu. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Ndiyo maana hadi leo unaweza kukuta gari la mwaka 1965 ambalo bodi yake haina kutu. Lakini chesisi ni ya chuma, tena yenye uwazi ndani. Maji na tope vikiingia humo hukaa, na kutu huanza kula kutoka ndani mahali ambapo jicho halioni. Mnunuzi anayetazama bodi anatazama sehemu isiyooza. Achukue nyundo ndogo, alale chini, agonge chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, hasa panapofungwa springi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mfu.

Aina zenyewe pia si moja. Zile za zamani za springi za majani zilifika toleo la tatu mwaka 1971. Mwaka 1983 ikaja One Ten yenye springi za koili, na mwaka 1990 jina la Defender likaanza. Injini za Tdi za miaka ya tisini bado zinamtegemea fundi mwenye spana na akili. Ile ya Td5 iliyokuja mwaka 1998 inaendeshwa kwa umeme wa kompyuta, na ikigoma porini spana peke yake haitoshi. Utengenezaji wa Defender ile ya zamani ulikoma Januari 2016 huko Solihull. Kila iliyobaki, basi, inazeeka. Anayenunua ajue ananunua kitu ambacho uhai wake uko mikononi mwake.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndipo wengi wetu tunapoangukia. Tuchukue mfano wenye tarakimu nyepesi, na kila mtu aweke bei za mahali pake. Kijiji kiko kilomita 60 kutoka mjini, kwenda na kurudi ni kilomita 120. Land Rover ya petroli ikitumia lita moja kwa kilomita 6, safari inakula lita 20. Tuseme lita ni shilingi 3,000. Mafuta ni 60,000. Dereva na utingo wachukue 20,000. Abiria na mizigo vimeingiza 120,000. Mkononi imebaki 40,000, na tajiri anafurahi.

Lakini matairi manne ya shilingi 1,600,000, yakidumu kilomita 20,000, yanagharimu shilingi 80 kwa kila kilomita. Safari ile imekula matairi ya 9,600. Oili na filta za 150,000 kila kilomita 5,000 ni shilingi 30 kwa kilomita, yaani 3,600. Tenga shilingi 100 kwa kilomita kwa ajili ya springi, breki, klachi, beringi na nusu ekseli. Hiyo ni 12,000. Jumla ni 25,200. Faida ya kweli si 40,000, ni 14,800, na humo bado hujatoa bima, leseni ya usafirishaji, wala siku ambazo gari limelala kwa fundi.

Tajiri anayetumia zile 40,000 zote amekula 25,200 za gari. Amekula matairi yake na hajui. Baada ya kilomita 20,000 matairi yatakuwa yamekwisha, naye hana kitu, atakwenda kukopa au kununua ya mtumba yaliyopasuka ubavuni. Wahenga wa madukani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo tunauandika ukutani kwa rangi nyekundu, kisha gari tunaliendesha bila daftari.

Ushauri wangu ni mwepesi. Nunua daftari la shilingi chache. Kila jioni andika kilomita, lita, mapato na kilichobadilishwa. Ile fedha ya gari isilale mfukoni. Ipelekwe benki au iwekwe kwenye akaunti ya simu isiyoguswa. Dereva naye aulizwe kilomita kabla ya kuulizwa hesabu. Dereva anayedaiwa fedha tu atajaza mizigo hadi springi zilale, kwa sababu springi si zake.

Kuhusu uendeshaji, dereva wa lami si lazima awe dereva wa mbuga. Udongo mweusi wa bonde la Wembere ukilowa hauchezewi. Gia ya magurudumu manne huwekwa kabla ya kuingia kwenye tope. Anayeiweka baada ya kukwama ameshachelewa. Ukikanyaga mafuta kwa hasira tairi likiwa limezama, nusu ekseli ndiyo itakayolipa. Ukitoka kwenye maji, kanyaga breki taratibu mara kadhaa zikauke, kwa kuwa hizi za zamani ni za ngoma na hushika maji. Mwenye kuteremka mlima Sekenke na mzigo ashuke kwa gia ndogo tangu juu, asingoje breki zinuke.

Kuhusu spea, rahisi ni ghali. Niliwahi kuuziwa beringi kwenye boksi zuri lenye maandishi yote, ikadumu wiki tatu. Tangu siku hiyo naenda dukani na fundi wangu pamoja na kile kibovu mkononi, na spea ambayo kuharibika kwake kunaweza kuua mtu, yaani ya breki au ya stelingi, sinunui kwa kuangalia bei. Sili ya oili inayovuja leo ni fedha ndogo. Ukiiacha mpaka difu likauke, utanunua difu.

Wapo wanaosema wakati wa magari haya umepita. Wana hoja. Lami imefika kutoka Dodoma hadi Singida na kuendelea Nzega, na nyingine inakwenda Babati. Katika barabara hizo Land Rover kuukuu haina biashara. Itakula mafuta na kupitwa na kila basi. Pikipiki nayo imechukua abiria mmoja mmoja hadi milangoni. Lakini pikipiki haibebi matenga kumi ya kuku, wala mama mwenye uchungu wa kujifungua usiku wa mvua. Na Land Cruiser, ambayo ni gari zuri, inahitaji mtaji ambao mchuuzi wa Mkalama au Ikungi hana. Kazi ya Land Rover imebaki kwenye barabara za wilaya, na hasa katika miezi ya mvua. Alizeti na vitunguu vinavyovunwa mvua ikikatika, waachiwe wenye malori. Sisi tuchukue masika, na kiangazi tulitengeneze gari.

Yako pia yaliyobadilika kwa faida yetu. Tangu mwaka 2017 ada ya kila mwaka ya leseni ya gari imefutwa, na gari lililolala halirundiki tena deni hilo. Aliyeliacha lake juu ya mawe kwa hofu ya malimbikizo hana kisingizio cha kutolikagua upya. Kwa upande mwingine, tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 limewafanya wauzaji wengine wavimbe kichwa. Mnunuzi wa Singida asilipie sifa. Alipie chesisi.

Kabla hujaliuza gari lako kwa mnunuzi wa vyuma chakavu anayelipima kwa kilo, mwite fundi na ugonge chesisi. Ikiwa imeoza kabisa, uza bila machozi. Ikiwa bado inalia, fanya hesabu ya kulifufua, ulinganishe na bei ya kilo hizo. Alumini ikishayeyushwa ikawa sufuria haitarudi barabarani, na mvua za Desemba zitakapokuja akina mama wenye matenga watauliza tena nani ana Land Rover inayotembea.