Mawe Yanakaguliwa, Vifua Je?



Tangu ukuta wa kilomita 24.5 uzungushwe kwenye machimbo ya tanzanite ya Mirerani, wilayani Simanjiro, mwaka 2018, kila anayetoka hupita getini akakaguliwa asije akawa ameficha jiwe. Ulikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu mali ya taifa ilikuwa inavuja mchana kweupe. Lakini kijana anayetoka humo akikohoa, pumzi zikimbana, ukaguzi huo haugusi kifua chake.

Wanaapolo, yaani wachimbaji wanaoshuka shimoni, wanalijua vumbi lao. Mwamba wa Mirerani una madini ya kinywe, na mchorongaji akipanda juu baada ya zamu huwa mweusi anayemetameta, macho na meno tu ndiyo yanayoonekana. Kinywe kinatoka kwa maji na sabuni. Hatari kubwa imo katika chembe za silika, ndogo kiasi kwamba zinapenya kitambaa alichojifunga mdomoni na kufika mwisho kabisa wa mapafu. Huko zinaacha makovu ambayo hakuna dawa ya kuyafuta. Ugonjwa huo ndio silikosisi. Mtu huanza kwa kikohozi kisichokwisha, kisha ngazi za mgodini alizokuwa akizipanda bila kusimama zinamlazimu apumzike mara kwa mara, na hali inaweza kuendelea kuwa mbaya hata akiacha kazi.

Pafu lenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Hospitali ya Kibong'oto wilayani Siha, iliyoanza kama kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu enzi za ukoloni, inawajua wachimbaji hawa vizuri. Mtu anameza dawa miezi sita, anapona kifua kikuu, halafu anarudi shimoni kwenye vumbi lilelile. Hayo si matibabu kamili, hata kama daktari na mgonjwa wametimiza wajibu wao wote.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, zinazobaki kwa nusu. Upo pia mfuko wa fidia kwa anayeugua kwa sababu ya kazi. Mwanaapolo anaingiaje humo? Mara nyingi hana mshahara wala mkataba. Analishwa na mwenye mgodi, anasubiri jiwe litoke apate mgawo wake. Pumzi zikiisha kabla jiwe halijatoka, anafungasha na kurudi kwao, na kwa kuwa ameshapita migodi kadhaa, hakuna anayekubali kwamba vumbi lile lilikuwa lake.

Afrika Kusini walifika kwenye fidia, na iligharimu. Wachimbaji wa dhahabu wenye silikosisi walizishitaki kampuni, na mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ikathibitisha makubaliano ya takriban randi bilioni 5. Wengi waliostahili walikuwa wameshafariki.

Kuugua mapafu hakumwondolei mtu uwezo wote wa kazi. Akigundulika mapema anaweza kuhamishiwa kazi isiyo na vumbi, akapewa pampu ikiwa njia zake za hewa zimebana, akasaidiwa kuacha sigara, akafuatiliwa kila mwaka kwa kupuliza kwenye spirometa, kipimo cha dakika chache. Lakini kipimo cha mwaka huu hakisemi mengi bila cha siku alipoanza kazi. Ndiyo maana kila mwanaapolo apimwe kabla hajashuka mara ya kwanza, aandikiwe kwenye kadi, na kadi iwe yake, ahame nayo kutoka mgodi hadi mgodi.

Kuhusu vumbi lenyewe, dawa yake inajulikana: kuchoronga kwa maji, ili unga wa mwamba utoke kama tope, na kusubiri hewa isafishwe baada ya baruti kabla ya watu kushuka. Wamiliki watasema Simanjiro ni kukavu, na ni kweli. Hata hivyo, mgodi unaomudu kompresa, baruti na jenereta hauwezi kushindwa na boza la maji. Hilo liwe sharti la leseni, lisiachiwe huruma ya mtu.

Wasisahauliwe kina mama wanaochekecha mabaki ya udongo juu ya ardhi, kutwa nzima katikati ya vumbi lililokwisha kusagwa. Hawashuki shimoni, kwa hiyo mjadala wa mapafu ya wachimbaji huwaruka. Nao waandikwe, wapimwe na wapewe kadi hiyohiyo.

Msomaji,
Arusha