Aliyefungiwa Kazi kwa Manufaa ya Wote

Tukisikia kwamba klabu za usiku na matamasha ya muziki viliumia wakati wa Korona, wengi wetu kanisani hatushtuki. Wengine husema afadhali. Naomba tulitazame jambo hili upya.

Hapa Kenya kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa zilibadilishwa mara kadhaa, lakini kafyu haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Hata baa zilipofunguliwa mwishoni mwa Septemba 2020, kafyu ilianza saa tano usiku, wakati ambapo klabu ndiyo kwanza inachangamka.

Sisemi zilionewa. Chumba kilichofungwa, watu wamebanana, muziki wa juu unaowalazimu kupaaza sauti usoni pa wenzao: virusi vya njia ya hewa vinataka nini zaidi? Kufunga kulikuwa sahihi. Swali ni nani aliyelipa gharama. Alilipa mpiga gitaa, DJ, mhudumu, bawabu, fundi wa mitambo na mama anayechoma mahindi nje ya lango. Wengi wao hulipwa usiku kwa usiku. Usiku ukifutwa, kodi ya nyumba haifutwi.

Makanisa nayo yalifungwa, na Julai 2020 yakaruhusiwa kupokea watu wasiozidi 100 kwa ibada ya saa moja. Lakini waumini waliendelea kututumia sadaka kwa simu. Mpiga ngoma wa bendi angetumiwa na nani?

Atatokea wa kusema kwamba huko kuna ulevi na uasherati. Hatari hizo zipo, wala tusizifumbie macho. Hata hivyo, Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba msingi wa thamani ya kazi ni mtu anayeifanya. Basi, manufaa ya wote yakimtaka mmoja aache kazi yake, wote tuna deni kwake. Kumsaidia ni haki yake kabla ya kuwa huruma yetu.

Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zinawajua watu hawa kwa majina na milango yao. Parokia ianze sasa kuweka akiba ya dharura, na janga likija tena, tusimwulize mtu alipoteza kibarua wapi. Tumwulize kama watoto wamekula.